Mifugo iliondolewa Ihefu, mbona Ruaha Mkuu bado unakauka?

Mwalimu_Rujewa aliuliza:

Ndugu wanajukwaa,

Ninafundisha jiografia katika shule ya sekondari wilayani Mbarali. Darasani kwangu wamo watoto wa wakulima wa mpunga, watoto wa wafugaji waliobaki, na wachache ambao wazazi wao ni askari wa hifadhi, kwa hiyo mada ya Ihefu, ile ardhioevu ya bonde la Usangu, haijawahi kupita kwa utulivu. Ninaomba msaada wa wenye taaluma ili nipate maelezo yatakayosimama mbele ya pande zote tatu.

Ninayoyajua ni haya. Kabla ya mwaka 1993 Mto Ruaha Mkuu ulikuwa ukipita katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwaka mzima. Tangu mwaka huo umekuwa ukikatika mwishoni mwa kiangazi, miaka mingine kwa wiki chache, miaka mingine kwa miezi. Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati huo, Frederick Sumaye, aliahidi akiwa London kwamba ifikapo 2010 mto ungekuwa unatiririka tena mwaka mzima. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji wengi na mifugo yao wakaondolewa Usangu na kuelekezwa Lindi na Pwani, na mwaka 2008 Ihefu ikaunganishwa na hifadhi, ambayo wakati huo ikafikisha zaidi ya kilomita za mraba 20,000. Mwaka 2017 kikaundwa kikosi kazi cha kitaifa cha kunusuru ikolojia ya mto huo. Na mto bado unakatika.

Maswali yangu ni mawili. Kwanza, ikiwa mifugo ndiyo iliyokuwa ikikausha ardhioevu, kwa nini maji hayakurudi ilipoondoka? Pili, tunaambiwa kwamba wanyamapori wanaathirika, lakini takwimu zenyewe zinanichanganya: sensa ya tembo wa Ruaha-Rungwa ilitoa 20,090 mwaka 2013, ikatoa 8,272 mwaka 2014, kisha 15,836 mwaka 2015. Mwanafunzi mmoja aliniuliza kama tembo huzaa kila baada ya miezi mitatu, na darasa zima likacheka. Nilicheka nao, ila jibu sikuwa nalo.

---

Haidrolojia_Iringa alijibu:

Mwalimu, swali lako la kwanza lina jibu linaloweza kupigiwa hesabu ubaoni, na nakushauri ulifundishe hivyo hivyo, kwa sababu watu hubishana kwa muda mrefu zaidi pale ambapo hakuna aliyeshika chaki.

Anza na umbo la ardhi. Bonde la Usangu, ukijumlisha milima inayolizunguka, lina takriban kilomita za mraba 21,000. Mvua yake ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na milima ya kusini hupata mara mbili au zaidi ya kile kinachonyesha uwandani. Kwa hiyo maji ya kiangazi hayazaliwi Usangu. Yanateremka kutoka Uporoto na Kipengere kwa mito michache isiyokauka: Ruaha Mkuu wenyewe, Mbarali, Kimani, Chimala na, upande wa mashariki, Ndembera. Yote hiyo inaishia katika ardhioevu ya Ihefu, na Ihefu ina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni Ng'iriama, ambako mwamba umekaa kama mdomo wa beseni. Maji yakiwa juu ya mwamba huo, mto unaendelea hifadhini, kisha hadi mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Yakishuka chini yake hata kwa upana wa kidole, mto unakatika, ingawa nyuma ya mwamba bado kuna maji mengi ambayo tembo anaweza kuogelea.

Sasa jua nalo linachukua fungu lake. Chukua Ihefu iliyosinyaa hadi kilomita za mraba 65, na uchukulie kwamba kila siku maji yanapotea hewani kwa kina cha milimita 6, makadirio ambayo kwa Oktoba ya Usangu si makubwa. Hizo ni mita za ujazo 390,000 kwa siku, yaani mita za ujazo 4.5 kila sekunde. Ikiwa mito yote kwa pamoja inaingiza mita 4 kwa sekunde, hakuna tone litakalovuka Ng'iriama, hata kama hakuna ng'ombe mmoja wala jembe moja ndani ya ardhioevu. Utafiti uliofanywa huko miaka ya 2000 ulikadiria kwamba ili nusu mita ya ujazo tu kwa sekunde ivuke mwamba kiangazi chote, Ihefu lazima iingiziwe wastani wa mita 7 hivi kwa sekunde. Ni gharama kubwa kwa matokeo madogo, lakini ndivyo ardhioevu za nyanda kame zilivyo.

Upande wa ng'ombe pia tuupigie hesabu. Tuseme walikuwa 300,000, na kila mmoja akanywa lita 40 kwa siku. Jumla ni mita za ujazo 12,000 kwa siku, ambazo ni chini ya mita 0.14 kwa sekunde. Mfereji mmoja wa wastani unaoachwa wazi usiku kucha huchukua zaidi ya hapo. Basi kuwaondoa ng'ombe kungeweza kuleta manufaa mengine, lakini hakukuwa na namna ambayo kungerudisha mto.

Maji yanakatwa juu, kabla hayajafika Ihefu. Mashamba makubwa ya mpunga ya Mbarali, kisha Kapunga, kisha Madibira, pamoja na mamia ya mashamba ya wakulima wadogo, yalipanua umwagiliaji mara kadhaa kati ya miaka ya 1970 na 2000. Masika hilo si tatizo kubwa, kwa kuwa mito imefurika. Tatizo ni kuanzia Julai, mpunga ukiwa umevunwa, lakini mabanio, yaani vizuizi vinavyogeuza maji ya mto yaingie mferejini, bado yako wazi kwa ajili ya vitunguu, mahindi, vitalu vya mapema na maji ya nyumbani. Hapo ndipo mita mbili tatu za ujazo zinazopotea zinaamua kama Ng'iriama itapitisha maji au haitapitisha.

Niongeze jambo moja ambalo wengi hawalipendi. Miaka ya 1990, umeme ulipokatika nchini, lawama zilimwangukia mfugaji wa Usangu. Bwawa la Mtera lina uwezo wa zaidi ya mita za ujazo bilioni 3, na hujazwa na mafuriko ya masika. Ukirudisha mita moja ya ujazo kwa sekunde kwa siku 100 za kiangazi, umeongeza mita milioni 8.64, kiasi ambacho Mtera haitakihisi. Mtiririko wa kiangazi ni muhimu mno kwa viboko na samaki wa hifadhini na kwa vijiji vya chini, lakini haukuwa sababu ya giza la Dar es Salaam.

---

Mtoto_wa_Boma alijibu:

Ninamshukuru aliyetangulia kwa kuandika hesabu ambayo wazee wetu walikuwa wakiisema kwa mdomo bila kusikilizwa. Hata hivyo sitaki tutoke upande mmoja wa upotoshaji na kuangukia upande wa pili. Makundi makubwa yaliyokaa Ihefu kiangazi chote yaliikanyaga kingo hadi udongo ukashikana, na moto uliowashwa ili majani mabichi yachipue ulikuwa ukiingia hadi kwenye matete. Nyati na kuro waliokuwa wakishuka kutoka hifadhini kutafuta malisho walikuta nyasi zimekwisha na mbwa wanawasubiri. Haya ni madhara ya kweli kwa makazi ya wanyama, na mfugaji mkweli hayakatai. Ila ni madhara ya malisho. Kuyaita madhara ya maji ndiko kulikofanya dawa ikapelekwa kwa asiye mgonjwa, na familia zikaswaga mifugo mamia ya kilomita huku mabanio yakibaki kama yalivyo.

Ninauliza pia mbona hatuzungumzii vinyungu. Huko Njombe na Iringa mabonde madogo milimani yanalimwa hadi kwenye chemchemi zenyewe. Je, hayo hayahesabiki kwa sababu hayaonekani kutoka barabarani?

---

Haidrolojia_Iringa alijibu:

Yanahesabika. Chemchemi iliyofunguliwa kwa mitaro hutoa maji yake mapema na kukosa akiba ya Oktoba, kwa hiyo madhara yake yanaangukia miezi ile ile inayotuumiza. Lakini ukitaka mita tatu za ujazo kwa haraka, ni rahisi kuzungumza na mabanio kadhaa yanayofahamika kuliko na maelfu ya bustani zilizotawanyika milimani. Kwangu mimi huo ni mpangilio wa kazi tu.

---

Mtafiti_wa_Wanyamapori alijibu:

Naomba nichukue swali la pili, ila nitaanza na kiboko kabla ya tembo, kwa sababu kiboko ndiye anayesimulia habari za mto huu vizuri zaidi.

Kiboko hulisha nchi kavu usiku na kushinda majini mchana. Maana yake ni kwamba kila siku anachukua nyasi za nchi kavu na kuzishusha mtoni kwa njia ya kinyesi. Mto unapotiririka, shehena hiyo ni neema: inasambazwa kilomita nyingi, inalisha wadudu, wadudu wanalisha samaki. Mto unapokatika, viboko waliokuwa wametawanyika wanakusanyika katika madimbwi machache yaliyobaki, na shehena ile ile inarundikana mahali pamoja. Bakteria wanaoiozesha hutumia oksijeni iliyoyeyuka majini. Ukifika kwenye dimbwi la namna hiyo alfajiri ya Oktoba, wakati oksijeni iko chini kuliko saa nyingine yoyote, utaona perege wamepanda juu, midomo imegusa uso wa maji, wanahema. Kambare huvumilia zaidi kwa kuwa ana kiungo kinachomwezesha kuvuta hewa ya kawaida. Baada ya wiki chache dimbwi linabaki na viboko, mamba na kambare. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kutoka Ruaha Mkuu huu huu ulionyesha mlolongo huo hatua kwa hatua: mtiririko ukikatika, kemia ya dimbwi hubadilika, na aina za samaki na wingi wao hupungua. Wanyama ni wale wale na kinyesi ni kile kile. Kilichobadilika ni mwendo wa maji tu.

Nchi kavu nako kuna mabadiliko, ingawa ni ya polepole. Nyati na kuro hawawezi kukaa mbali na maji, hivyo hubanana kwenye madimbwi na kumaliza nyasi za karibu. Tembo huchimba mchanga wa mto kwa mguu na mkonga hadi afikie maji, na mashimo hayo hutumiwa na wanyama wengine baada yake. Tandala anayekula majani ya vichaka huathirika kidogo. Kwa hiyo anayekuambia kwamba "wanyama wanapungua kwa sababu mto umekauka" amesema jambo kubwa mno kwa mkupuo mmoja. Ungemuuliza ni mnyama gani, kwenye kipande gani cha mto, na katika mwezi gani.

Hapo ndipo penye mtego wa kuhesabu. Mgeni anayeona viboko mia katika dimbwi moja mwezi Oktoba atasema wameongezeka. Wamebanana tu. Hesabu ya viboko ina maana pale tu mto wote unapopitiwa kwa urefu wake, katika msimu ule ule kila mwaka, tena kwa kukumbuka kwamba aliyezama haonekani kutoka kwenye ndege.

Tembo nao, Mwalimu, hawazai kila miezi mitatu. Mimba yao huchukua takriban miezi 22. Sensa ulizozitaja, zinazosimamiwa na TAWIRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa wanyamapori, hufanywa kwa ndege ndogo inayoruka kwa mistari iliyonyooka iliyoachana kwa kilomita kadhaa. Mhesabuji huhesabu tu wanyama walio ndani ya ukanda uliopimwa kwa vijiti viwili vilivyofungwa kwenye nguzo ya bawa. Sehemu ndogo ya eneo ndiyo inayoonekana kweli, kisha idadi hukuzwa kulingana na eneo zima. Tembo hutembea kwa makundi. Ikitokea makundi mawili makubwa yameangukia ndani ya ukanda, makadirio yanapaa. Yakiangukia katikati ya mistari, makadirio yanaporomoka. Ndiyo maana kila tarakimu hutolewa pamoja na kiwango cha uwezekano wa kukosea, ambacho magazeti hukiacha, na ndiyo maana matokeo ya 2014 yalifuatwa na sensa ya marudio mwaka 2015.

Jambo hilo lisitumike, hata hivyo, kufuta ukweli kwamba ujangili wa miaka ile ulikuwa janga. Sensa ya nchi nzima ya mwaka 2014 ilikadiria tembo wa Tanzania kuwa 43,000 hivi, kutoka 109,000 hivi mwaka 2009. Tofauti ya ukubwa huo haielezeki kwa bahati ya mistari ya ndege. Mwambie mwanafunzi wako kwamba tarakimu moja ya mwaka mmoja na eneo moja ni dhaifu, lakini mfululizo wa tarakimu, zikiwekwa pamoja na idadi ya mizoga iliyoonekana katika sensa zile zile, ni ushahidi mzito. Na katika habari ya tembo hao, meno yao yaliwaponza zaidi kuliko ukame wa mto.

---

Katibu_wa_Banio alijibu:

Wataalamu wamesema, na mimi naomba nizungumze kwa niaba ya wanaotajwa bila kuulizwa.

Banio la zamani lilikuwa mawe, magogo na majani yaliyoshindiliwa mtoni. Lilikuwa likivuja. Kila masika mafuriko yalilibomoa na tukalijenga upya, na wakati wa kiangazi nusu ya maji ilipita katikati ya mawe ikaenda kwa wenzetu wa chini. Wakaja wafadhili na serikali wakatujengea banio la zege lenye lango la chuma, wakiita hayo uboreshaji, na kwa masika kweli ni uboreshaji. Lakini zege halivuji. Mwezi wa Septemba, mto ukiwa mdogo, lango hilo linaweza kuugeuza mto wote uingie mferejini, jambo ambalo mawe ya babu zetu hayakuweza kulifanya. Kibali cha maji nacho kimeandikwa kiasi cha lita kwa sekunde, wakati kwenye mabanio mengi hakuna kifaa cha kupimia hizo lita. Mkulima anaambiwa asizidishe kitu ambacho hana namna ya kukiona.

Miaka ile watafiti walituletea mchezo wa ubao. Ulikuwa ubao mrefu ulioinama, katikati pamechongwa mto, pembeni mifereji, na gololi za kioo ndiyo maji. Kila mtu anaweka kijiti chake kama banio, gololi zinamwagwa juu, zinateremka. Waliokaa juu walijaza mashimo yao na wa mwisho wakabaki wanatazamana. Kisha tukabadilishana nafasi: wa juu wakaenda mkiani. Nilimwona mzee mmoja mwenye shamba karibu na banio akiwa mkiani, ameshika kikombe kitupu, akasema kwa hasira kwamba waliokaa juu ni wezi. Watu walicheka sana, kwa kuwa walijua nani huwa anakaa juu. Baada ya hapo ratiba ya zamu ilikubalika bila polisi.

Kwa hiyo Mwalimu, kama unataka zoezi la darasani, ubao huo fundi seremala yeyote wa Rujewa anaweza kuutengeneza.

---

Mwalimu_Rujewa aliuliza tena:

Nawashukuru nyote. Ubao nitautengeneza. Nina swali moja lililobaki, ambalo huulizwa na wazazi kwenye vikao: kama shida ni ule mwamba wa Ng'iriama, kwa nini usijengwe ukuta wenye lango juu yake, maji ya masika yakahifadhiwa Ihefu na kufunguliwa kidogo kidogo kiangazi?

---

Haidrolojia_Iringa alijibu:

Wazo hilo lina mantiki na si geni. Tatizo lake ni kwamba Ihefu ni tambarare. Ukipandisha kina kwa nusu mita, maji hayaendi juu, yanaenda pembeni, na kila kilomita ya mraba iliyoongezeka inaongeza uvukizi. Rudi kwenye hesabu ya ubaoni: kilomita 100 zaidi za maji, kwa milimita 6 kwa siku, ni karibu mita za ujazo 7 kwa sekunde zinazopaa hewani. Unaweza kupata faida miezi ya Agosti na Septemba ukiwa na lango linaloendeshwa kwa uangalifu, lakini sehemu kubwa ya akiba utakuwa umeianika juani. Bwawa la milimani, lenye kina kirefu na uso mdogo, hutunza maji vizuri zaidi, na ndiyo maana mapendekezo ya bwawa la Lugoda kwenye Mto Ndembera yamekuwa yakirudi mezani kwa miaka mingi.

---

Mtafiti_wa_Wanyamapori alijibu:

Niongeze upande wa ikolojia. Nyasi na matete ya Ihefu yameumbwa kwa kupanda na kushuka kwa maji. Ukiyaweka chini ya maji marefu mfululizo, nyasi fupi zinazoliwa na nyati hupotea na nafasi yake huchukuliwa na mimea ya majini isiyolika. Pembezoni panapokauka taratibu ndipo ndege wengi wa majini hupata chakula, kwani samaki wadogo hunaswa katika vidimbwi vinavyosinyaa. Ukuta wowote utakaojengwa ungepaswa kuruhusu kushuka huko kuendelee, na kabla ya kuujenga pawepo vipimo vya angalau misimu kadhaa vya kina cha maji Ng'iriama, kiasi kinachoingia kutoka kila mto, na oksijeni katika madimbwi ya hifadhini, vikichukuliwa siku zile zile.

---

Katibu_wa_Banio alijibu:

Na atajwe mapema nani atashika ufunguo wa lango hilo. Kwenye banio letu ufunguo unashikwa na watu wawili wa vijiji tofauti, na hata hivyo usiku kuna anayelifungua kwa nondo.